Mwamba wa fosfeti tunao, mbona mbolea inatoka nje?

Kila msimu wa kupanda ukikaribia, swali hili hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima na kwenye vipindi vya kilimo redioni. Minjingu, kando ya barabara ya Arusha kwenda Babati, kuna fosfeti. Panda Hill, karibu na Mbeya, ipo. Waganda wanayo Sukulu, pale Tororo, na Warundi wanayo Matongo. Iweje basi mkulima wa Mbozi anayetaka DAP ya kupandia auziwe mfuko uliotoka melini, ambao bei yake hupanda China ikizuia mbolea isitoke nchini mwake, kama ilivyofanya mwishoni mwa 2021, na hupanda tena Urusi ikiivamia Ukraine? Mwaka 2022 hali ilibana kiasi kwamba Tanzania na Kenya zote mbili zililazimika kuweka ruzuku ili mfuko ushikike.

Majibu yanayotembea ni mawili. La kwanza husema ni uzembe tu: mwamba si upo, wausage wauze. La pili husema mwamba wetu hauna maana. Yote mawili yanaruka jambo lililo katikati. Fosfeti iliyo ndani ya jiwe hailishi mmea mpaka iyeyuke, na kuiyeyusha ndiko kunakokula fedha, tindikali, maji na ardhi ya kumwagia mabaki. Anayetaka kujua kwa nini mbolea ni ghali, na nini kifanyike ipungue bei bila kuharibu mazingira, lazima aingie kiwandani.

Kwanza tuelewane kwa majina. Fosforasi ni elementi ambayo hakuna kiumbe hai kinachoishi bila hiyo. Imo kwenye chembe za urithi, imo kwenye mifupa, na ndiyo inayosafirisha nishati ndani ya seli. Mahindi yakiikosa hayafichi: mche ukiwa bado wa magotini, majani ya chini hugeuka zambarau kuanzia ncha na kingo, na shamba zima linadumaa. Fosfeti ni fosforasi iliyoungana na oksijeni, na ndiyo sura ambayo mizizi huipokea, ikiwa imeyeyuka kwenye maji ya udongo. Mwamba wa fosfeti nao ni jiwe ambamo fosfeti imefungwa pamoja na kalsiamu na floridi, katika madini yanayoitwa apataiti. Kifungo hicho ni kigumu. Mvua ya miaka mia haikifungui.

Namba za kwenye mfuko nazo huchanganya watu. DAP huandikwa 18-46-0, yaani asilimia 18 ya naitrojeni na asilimia 46 ya P2O5, kipimo cha wakemia wa zamani ambacho biashara ya mbolea imekataa kuachana nacho. Fosforasi yenyewe ni kama asilimia 44 ya hiyo P2O5. Mfuko wa kilo 50 kwa hiyo una kilo 23 za P2O5, ambazo ni kilo 10 hivi za fosforasi halisi. Zishike hizo kilo 23, tutazihitaji.

Tindikali ndiyo ufunguo

Mwaka 1842 Mwingereza John Bennet Lawes alipata hataza ya njia ya kutibu fosfeti kwa tindikali ya salfa ili iyeyuke shambani. Mpaka leo, karibu miaka 185 baadaye, msingi wa viwanda vingi haujabadilika. Mwamba uliosagwa unaingizwa kwenye tangi kubwa lenye pangaboi za kukoroga, unakutana na tindikali ya salfa kwenye joto la nyuzi 70 hadi 80, na ndani ya saa chache kifungo cha apataiti kinavunjika. Salfa inaishika kalsiamu na kugeuka jasi (gypsum). Fosfeti inabaki kwenye kimiminika kama tindikali ya fosforasi. Tope hilo linachujwa, jasi inatupwa, tindikali inapunguzwa maji, kisha inachanganywa na amonia kupata DAP, au na mwamba zaidi kupata TSP, mbolea ya fosfeti isiyo na naitrojeni.

Sasa tupige hesabu ya mfuko mmoja wa DAP. Ili kupata zile kilo 23 za P2O5, kiwanda cha kawaida kinahitaji karibu kilo 80 za mwamba mzuri na kilo 60 na ushee za tindikali ya salfa. Tindikali hiyo yenyewe imetokana na kama kilo 20 za salfa. Na kinachobaki nyuma ni zaidi ya kilo 100 za jasi. Yaani kwa kila mfuko unaopakiwa kwenye lori, takataka yenye uzito wa zaidi ya mifuko miwili inabaki kiwandani. Ukishaiona hesabu hiyo, unaelewa kwa nini nchi inaweza kuwa na mwamba na isiwe na mbolea. Salfa hiyo kwa sehemu kubwa hupatikana kwenye usafishaji wa mafuta na gesi, na ndiyo sababu nchi za Ghuba ni wauzaji wakubwa. Saudia ina mwamba, salfa na gesi ya kutengenezea amonia, vyote ndani ya mipaka yake. Sisi tuna mwamba na gesi asilia, lakini salfa tunaagiza.

Ufanisi wa kiwanda, basi, unaanza kwa kuuliza fosfeti inapotelea wapi. Hupotelea mahali patatu, na wahandisi wa kemia wametumia zaidi ya nusu karne kupambana na hizo sehemu tatu.

Punje za mwamba zinaweza kuvikwa koti la jasi kabla tindikali haijafika ndani, zikatoka tangini zikiwa hazijaguswa. Dawa yake ni kusaga vizuri na kukoroga vizuri, lakini zaidi ni kutomimina tindikali yote mahali pamoja, maana ikizidi sehemu moja koti hilo hujengeka papo hapo. Upotevu wa pili umejificha zaidi. Fuwele za jasi zinapokua, chembe za fosfeti hujipenyeza ndani yake na kukaa mahali pa salfeti, kwa kuwa zinakaribiana kwa umbo. Ukipunguza tindikali ili kuzuia koti, unaongeza fosfeti inayonaswa kwenye fuwele. Ukiiongeza ili kuzuia fuwele zisinase, unarudisha koti. Mwendeshaji wa mtambo hukaa katikati ya hatari hizo mbili zamu nzima, akipima salfeti iliyo huru kwenye tope na kurekebisha kidogo kidogo. Kiwanda chenye vipimo vinavyosoma papo kwa papo hukishinda kwa mbali kinachosubiri majibu ya maabara.

Upotevu wa tatu uko kwenye kichujio, na hapa umbo la fuwele ndilo linaloamua. Fuwele nene zenye pande pana huacha nafasi na tindikali hupita upesi. Fuwele nyembamba kama sindano hulala juu ya kitambaa cha kichujio na kukiziba, na tindikali inabaki imelowea ndani ya jasi. Ili kuitoa bila kuijaza maji mengi, jasi huoshwa kwa maji yanayosafiri kinyume nayo. Anayefua nguo kipindi cha ukame anaijua kanuni hii: maji safi hutumika kwenye suuza ya mwisho, maji ya suuza hiyo hufulia nguo zinazofuata, na yakishachafuka kabisa ndipo yanamwagwa. Kiwandani vivyo hivyo, maji safi hukutana na jasi iliyokwisha kuoshwa, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua yakizidi kubeba tindikali, mpaka yanaingia tena tangini.

Kwa njia hii ya kawaida kiwanda kizuri hupata asilimia 95 au 96 ya fosfeti iliyoingia. Zipo njia za hatua mbili ambazo huitengeneza jasi kwanza ikiwa na maji machache ndani ya fuwele, kwenye joto la nyuzi 90 hadi 100, kisha huifanya iyeyuke na kujiunda upya. Inapojiunda mara ya pili huiachia ile fosfeti iliyonaswa, na mavuno hupita asilimia 98. Asilimia tatu zinaweza kuonekana kidogo. Kwa kiwanda cha tani milioni moja za P2O5 kwa mwaka ni tani 30,000 ambazo zingeishia kwenye lundo la taka. Na faida nyingine, ambayo nadhani ni kubwa kuliko hiyo, ni kwamba jasi inayotoka ni safi zaidi. Japani, isiyo na ardhi ya kurundika, ndiyo iliyosukuma njia hizi mbele, kwa sababu jasi yake ilitakiwa kuuzika kwa viwanda vya saruji na vya mbao za ukuta.

Moto, maji na lundo

Watu wengi hudhani kiwanda cha mbolea ni mla umeme mkubwa. Kwa upande wa tindikali ya salfa ni kinyume. Kuunguza salfa hutoa joto, kuigeuza gesi yake hutoa joto, na kuichanganya na maji hutoa joto tena. Mtambo wa zamani uliliacha sehemu kubwa ya joto hilo lipotee kwenye minara ya kupoozea. Mtambo wa kisasa hulikamata karibu lote kwa mvuke, mvuke unazungusha jenereta, na unaobaki unakausha ile tindikali ya fosforasi. Kiwanda kilichopangwa vizuri kinajiendesha kwa umeme wake na hata kuuza ziada. Kwa nchi ambazo umeme wa viwandani unakatika, hili ndilo jambo la kwanza ningeuliza mradi wowote ukitangazwa: joto la salfa linakwenda wapi?

Moroko inatoa mfano wa maji. Nchi hiyo, pamoja na Sahara Magharibi inayoishikilia, ina sehemu kubwa kabisa ya akiba ya fosfeti inayojulikana duniani. Kwa miongo mingi mwamba wa Khouribga ulioshwa, ukakaushwa kwa kuchoma mafuta, ukapakiwa kwenye treni mpaka pwani, na ulipofika ukalowanishwa tena. Mwaka 2014 OCP, kampuni ya fosfeti ya serikali ya Moroko, ilianza kuusafirisha ukiwa tope ndani ya bomba la kilomita 187 kutoka Khouribga mpaka Jorf Lasfar. Mgodi uko juu, bandari iko chini, kwa hiyo mteremko husaidia kusukuma. Tanuri za kukaushia hazihitajiki tena kwa mzigo huo, na maji yanayosafiri na tope yanatumika kiwandani. Hakuna kemia mpya hapo. Ni mtu aliyeuliza kwa nini tunakausha kitu tutakachokilowanisha kesho.

Floridi ni jambo ambalo wenzetu wa Arusha na Manyara hawahitaji kuelezwa sana, maana maji ya sehemu hizo yana floridi nyingi kiasi cha kuyapaka meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Mwamba wa fosfeti nao una floridi, na tindikali ikiuvunja, sehemu yake hutoka kama gesi kali. Isipooshwa huunguza mimea na kudhuru mifugo ya majirani. Ikioshwa kwa maji hugeuka kimiminika ambacho viwanda vya kuyeyushia alumini hukihitaji, kikishafanyiwa kazi zaidi. Kilichokuwa sumu kwenye bomba la moshi kinapata bei.

Lundo la jasi ndilo tatizo ambalo halijapata jibu la kuridhisha. Florida kuna milima ya jasi yenye mabwawa ya maji ya tindikali juu yake. Mwaka 2016 shimo lilifunguka chini ya mlima mmoja karibu na mji wa Mulberry na maji yake yakazama kuelekea kwenye chemchemi za chini ya ardhi. Mwaka 2021, pale Piney Point, bwawa lilianza kuvuja, na zaidi ya lita milioni 800 zikaachiwa ziingie kwenye ghuba ya Tampa ili ukuta usipasuke wote. Gabès nchini Tunisia, jasi imemwagwa baharini tangu miaka ya 1970, na wakazi wake wamekuwa wakiandamana kudai hewa na bahari yao. Moroko nayo humwaga baharini. Ufanisi wa bomba la Khouribga haufuti jambo hilo, na anayeusifu mfano huo bila kulitaja anatuuzia nusu ya habari.

Kwa nini jasi hii isiuzwe yote kwa viwanda vya saruji? Kwa sababu imebeba mabaki ya fosfeti na floridi yanayochelewesha saruji kukamata, na kwa sababu ina kiasi kidogo cha radiamu. Hapa ndipo hofu huingia na watu huanza kusema taka za nyuklia. Ukweli ni kwamba miamba mingi ya fosfeti ina urani kidogo. Kiwandani, urani kwa sehemu kubwa huenda na tindikali na radiamu hubaki kwenye jasi. Kiwango hutofautiana sana mwamba hata mwamba. Marekani iliamuru mwaka 1989 jasi hiyo irundikwe, wakati China na Brazili huitumia kwenye ujenzi na mashamba. Minjingu yenyewe iligunduliwa mwaka 1956 wakati watafiti wakisaka urani, kwa hiyo kwetu kupima ni lazima, na wafanyakazi wanaoshinda kwenye vumbi ndio wa kwanza kulindwa.

Njia moja huikwepa jasi kabisa. Mwaka 1927 Erling Johnson, mkemia wa mji wa Odda nchini Norwe, aliivunja apataiti kwa tindikali ya naitriki badala ya salfa. Kalsiamu haigeuki jasi, inatoka kama kalsiamu naitreti, ambayo ni mbolea, au inageuzwa chokaa inayoingia kwenye mifuko ya CAN, mbolea ya naitrojeni ya kukuzia. Njia hiyo inahitaji amonia nyingi na ubaridi wa kugandisha chumvi, kwa hiyo haijaenea kama ile ya salfa. Lakini inaonyesha kwamba lundo si sharti la maumbile. Ni uamuzi uliofanywa kwa sababu salfa ilikuwa rahisi na ardhi ya kutupia haikuwa na mwenye kuitetea.

Rudi Minjingu

Miamba yetu haifanani, na hapa ndipo jibu la "hauna maana" linapoanguka. Panda Hill, Sukulu na Matongo ni miamba ya moto iliyopanda kutoka chini ya ardhi. Apataiti yake ni ngumu, na ukiisaga na kuimwaga shambani haitafanya lolote la maana kwa miaka. Hiyo inahitaji tindikali. Tororo waliwahi kuwa na kiwanda kilichofanya kazi hiyo, kikatengeneza mbolea ya SSP miaka ya 1960 na 1970.

Minjingu ni tofauti. Ni mashapo ya ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Ziwa Manyara la leo, yaliyojengwa na kinyesi cha ndege na mabaki ya samaki. Sehemu laini ya mwamba huo huachia fosfeti kwa urahisi kuliko miamba mingi ya Afrika. Kwenye udongo wenye uchachu, pH chini ya 5.5, udongo wenyewe unafanya kazi ya kiwanda: tindikali iliyomo humo huivunja apataiti polepole, na kalsiamu inayotoka hupunguza uchachu. Majaribio ya miaka mingi magharibi mwa Kenya, kwenye udongo mchachu uliochoka, yaliikuta Minjingu ikiikaribia TSP kwa mavuno. Hakuna lundo la jasi, hakuna salfa ya kuagiza.

Lakini mkulima wa Babati akiiweka kwenye udongo wake wenye magadi, atasema alitapeliwa, na kwa upande wake atakuwa sahihi, kwa sababu hapo hakuna tindikali ya kuuvunja mwamba. Mfuko ule ule ukipelekwa Njombe, Rungwe au Bukoba unafanya kazi. Ndiyo maana wakulima wawili wanaweza kubishana redioni kuhusu Minjingu na wote wakawa wanasema kweli.

Tanzania ilishajaribu njia ndefu. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilifunguliwa mwaka 1972 kikitegemea malighafi za kuagizwa, mgodi wa Minjingu ukaanza kazi mwaka 1983, na mwaka 1991 kiwanda kikafungwa. Mtu akija leo na ahadi ya kujenga Jorf Lasfar yetu, nitamuuliza salfa inatoka wapi. Naona kuna njia ya kati iliyo karibu zaidi na uwezo wetu: kuutibu mwamba kwa tindikali nusu tu ya inayohitajika, ili sehemu ya fosfeti iyeyuke mara moja kwa ajili ya mche na iliyobaki iendelee kuachiliwa na udongo. Tindikali inaweza kupatikana jirani. Viyeyusho vya shaba vya Zambia hukamata gesi ya salfa na kuigeuza tindikali, ambayo kama isingekamatwa ingekuwa mvua chachu juu ya mashamba ya watu. Kuna pia kuchanganya Minjingu na naitrojeni na kuifanya chengachenga, kama inavyofanyika sasa, maana unga hupeperushwa na upepo na haupiti vizuri kwenye mashine ya kupandia.

Maneno mawili matatu yanayorudiwa sana. DAP hailipuki: iliyolipuka Beirut mwaka 2020 ni amonia naitreti, kitu kingine kabisa. Fosfeti "haiui udongo", ila amonia iliyo ndani ya DAP huongeza uchachu mwaka hata mwaka, na dawa yake ni chokaa. Na fosforasi haimaliziki duniani kama mafuta yanavyoungua, inatawanyika. Sehemu kubwa ya tunayokula inaishia chooni, na ndiyo sababu Ujerumani imeyaagiza majiji yake makubwa kuanza kuirudisha kutoka kwenye majitaka ifikapo 2029.

Hata mbolea bora hupotea shambani. Kwenye udongo mwekundu, chuma na alumini huinasa fosfeti ndani ya siku chache, kwa hiyo ukiimwaga juu juu mahindi hupata chini ya robo yake msimu ule. TSP na DAP ziwekwe shimoni, karibu na mbegu lakini zisiguse, zikitenganishwa na udongo kidogo. Minjingu ya unga ni kinyume: ichanganywe na udongo mwingi kadiri iwezekanavyo, kwa sababu inahitaji kugusana na uchachu. Kabla ya kuchagua, pima pH. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi, uanike kivulini, kisha upeleke nusu kilo kwenye maabara ya udongo. Walio Tanga na jirani wana kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI).